Nukta ya Gari la Jioni

Kwa miaka kumi na miwili Klara alikuwa amekaa kwenye dirisha la mapokezi la Ushirika wa Maziwa, pale njia panda juu ya mji wa Lushoto, akipima maziwa ya watu na, kwa kuwa hakuweza kupima kimoja akaacha kingine, akiwapima na watu wenyewe. Alikuwa na laktomita ya kujua nani ametia maji, spiriti ya kujua ya nani yameanza kuharibika, na macho yake mawili ya kujua mengine yote. Aliyeleta maziwa mazuri aliambiwa "la kwanza," yaani daraja la kwanza, na maziwa yakamiminwa kwenye tangi la baridi. "La pili" yalikwenda kugandishwa mtindi. "La tatu" yalirudi nyumbani na mwenyewe, na Klara hakuwa na tabia ya kumwambia mtu pole.

Watu walimwogopa na kumwamini kwa kiasi kilekile. Mchungaji wake mwenyewe aliwahi kurudishwa na keni yake mbele ya kwaya nzima, na Jumapili iliyofuata Klara aliketi benchi la mbele akaimba kama kawaida. Alipenda kusema kwamba maziwa hayana dini, hayana cheo na hayana shemeji. Kweli ilikuwa yake. Tatizo la watu wenye kweli ya namna hiyo ni kwamba huanza kuamini kila aliye mbele yao ni keni inayosubiri kupimwa.

Meneja mpya aliitwa Kristian. Kwao ni Bungu, milima hiihii, lakini Bungu yenyewe aliijua kwa likizo tu. Shule alisomea mbali, shahada ya biashara akaichukulia mbali zaidi. Alikuja na kompyuta, mkoba wa ngozi na viatu vyeupe. Mtu anayekuja kufanya kazi ya maziwa milimani, kwenye utelezi huu, akiwa na viatu vyeupe, alisema Klara, ama ana mke wa kumfulia ama hana akili, na mke hatujamwona.

"Shikamoo mama," Kristian alimwamkia kila asubuhi, akiinamisha kichwa kidogo.

"Marahaba," Klara alijibu, akilitupa neno kando bila kuinua uso kwenye daftari.

Haikuwa kwamba kijana alikuwa mbaya. Angekuwa mbaya, Klara angempenda kidogo, maana ubaya unahitaji akili. Alikuwa mpole, mwenye haraka ya kushukuru, na aliamini kila kilichoandikwa. Baada ya miezi minane alikwenda kwenye semina Tanga, akarudi ameng'aa uso kama aliyetoka kubatizwa, na siku ya pili aliwaita wafanyakazi wote tisa kwenye chumba cha mikutano.

"Tumekuwa tukiwahudumia wateja wetu bila kujua wanataka nini," alisema.

"Wateja gani?" Klara aliuliza. "Wanaonunua maziwa Dar?"

"Wakulima, mama. Mkulima anayetuletea maziwa ni mteja wetu wa ndani."

Klara alimtazama Mussa, dereva wa pikapu ya Ushirika, mtu mzito wa mwili na wa mambo yote, ambaye hakuwahi kufika mahali kwa wakati tangu siku aliyozaliwa. Mussa alitazama dari.

Kristian akachora ubaoni msalaba mkubwa, ukagawa ubao kwenye vyumba vinne. Mstari wa kusimama ulikuwa umuhimu: jambo likiwa juu, watu wanalijali sana. Mstari wa kulala ulikuwa kuridhika: jambo likiwa kulia, watu wanaona tunalifanya vizuri. Kila huduma ya Ushirika ingepata nukta yake. Ikiangukia juu kushoto, ni muhimu na tunaiharibu, kwa hiyo akaandika pale, Kazania Hapa. Juu kulia, Endelea Hivyo. Chini kushoto, Si Lazima. Chini kulia ndiko aliko­kuwa na furaha nako zaidi, akapaandika kwa chaki nyekundu: Tunazidisha.

"Hapa," alisema, "ni mambo ambayo tunayafanya vizuri mno na wala watu hawayajali. Tunapoteza nguvu bure. Tukiyapunguza hapa, tunahamishia nguvu kule kwenye Kazania. Mnaona uzuri wake?"

Klara aliuona. Alikiri moyoni kuwa mchoro ulikuwa na maana, na hilo lilimuudhi kuliko kama ungekuwa upuuzi. Lakini mtu anayetaka kujua kama watu wa Kwemkuyu wanalijali gari la jioni si angepanda pikapu na Mussa siku moja akashuke Kwemkuyu akawaone? Kwa nini achore?

Kwemkuyu ndicho kijiji alichozaliwa Klara. Kiko upande wa chini, kule milima inakoanza kuinama kuelekea Mombo, na joto la tambarare linapanda hadi mlangoni mwa watu. Huku juu ukikamua jioni, baridi inayalinda maziwa mpaka asubuhi. Kule hayalali. Yasipopandishwa jioni ileile kwenye tangi, kukicha yamekwisha kuchacha. Ndiyo maana pikapu iliteremka kila siku saa kumi na moja, au ndivyo ilivyoandikwa. Mussa alipojisikia ilikuwa saa mbili, na alipojisikia vibaya ilikuwa hakuna. Hakukuwa na jambo lililolalamikiwa Kwemkuyu kuzidi hilo. Walilalamika kisimani, msikitini, kanisani na kwenye misiba. Kila mahali isipokuwa kwa meneja, kwa sababu meneja hajawahi kufika huko.

Madodoso yalikuja yamepigwa chapa, karatasi moja kwa kila mwanachama, huduma kumi na mbili, na kila huduma na visanduku viwili: ni muhimu kiasi gani, umeridhika kiasi gani. Jaza namba, moja hadi tano. Kule juu kabisa, kwa herufi ambazo sisimizi angeziona ndogo, paliandikwa kwamba moja ni kidogo kabisa na tano ni sana kabisa.

Kazi ya kuyagawa alipewa Klara, kwa kuwa kila mtu alipita dirishani kwake.

"Ila mama, nakuomba kitu kimoja," Kristian alisema. "Usimweleze mtu namna ya kujaza. Ukimweleza, bila kujua utampa majibu yako. Kitaalamu tunaita kupotosha."

"Kupotosha," Klara alirudia.

"Ndiyo mama. Si kwa nia mbaya."

Miaka kumi na miwili hajapotosha hata tone, leo kitoto cha juzi kinamwambia asipotoshe. Klara alilichukua lile bunda la karatasi akalipigisha mezani kulilinganisha kingo. "Haya, baba. Simwelezi mtu," alisema, na sauti yake ilikuwa laini mno. Mtu anayemjua angeshtuka, lakini Kristian alisema asante.

Wa kwanza kujaza mbele ya macho yake alikuwa Rehema. Walikuwa wamekua pamoja Kwemkuyu, nyumba kwa nyumba, mmoja akienda madrasa na mwingine Sunday school, jioni wakakutana kukata majani ya tembo ya kulishia ng'ombe. Klara aliolewa huku juu. Rehema alibaki, mume akafariki, akabaki na ng'ombe wawili, Mbaarika na binti yake, na ng'ombe hao ndio waliokuwa wakisomesha, wakitibu na kulisha. Alikuwa amepanda asubuhi hiyo kufuata dawa ya kupe. Aliketi kwenye benchi chini ya dirisha, akaikunja miguu, akaishika kalamu kwa ngumi kama anayeshika mwiko.

"Gari la jioni niweke moja, siyo?" aliuliza.

"Wewe unaonaje?" Klara alisema.

"Si ndiyo namba moja kwangu? Bila gari mimi nina nini? Hapa kwenye umuhimu naweka moja." Akaandika. "Na kuridhika... huyo Mussa wenu! Ningekuwa na kumi ningempa kumi. Anakula tano, akome."

Klara alivaa miwani yake, akaisoma ile mistari ya sisimizi juu ya karatasi. Akaisoma tena. Kisha akaelewa yote kwa mara moja, na kucheka kulimpanda kifuani akakubana.

Rehema alikuwa amejaza vilevile ambavyo Klara mwenyewe alimfundisha. Kwa miaka kumi na miwili dirisha hili liliwaambia watu hawa kuwa moja ni nzuri na kadiri namba inavyopanda ndivyo maziwa yanavyonuka. Nani angesoma maelezo? Hata mtoto wa Rehema alipofaulu kidato cha nne kwa daraja la kwanza walichinja mbuzi. Wa jirani aliyepata la nne hakuonekana njiani mwezi mzima. Mtu wa milima hii ukimpa namba, moja ndiyo juu. Hajui kwingine.

Kwa hiyo kila karatasi ingejazwa kichwa chini miguu juu, na msomi angezipokea, azishukuru, azichore.

Klara alifungua mdomo. Ni kweli alifungua. Hilo alijikumbusha mara nyingi baadaye. Ila wakati uleule Kristian alipita uani na viatu vyake vyeupe, akaona karatasi mkononi mwa Rehema, akamwinulia Klara kidole na tabasamu, yaani, mama, tulikubaliana. Klara akaufunga mdomo.

"Nimekosea?" Rehema aliuliza.

"Endelea tu, mwenzangu. Karatasi ni yako."

Kwa wiki mbili Klara alizipokea. Wachache, vijana hasa, walisoma maelezo wakajaza ipasavyo, wakazama katika wingi wa wenzao. Wengine wote walijaza kama Rehema. Kila moja ya karatasi hizo Klara aliitazama, akaiweka kwenye boksi, akasikia utamu moyoni. Hakuwa na mpango wa kumdhuru mtu. Alitaka tu kumwona kijana akianguka, na alitaka aanguke mwenyewe, bila kusukumwa.

Siku ya matokeo, bodi ya Ushirika iliitwa kwenye ukumbi wa kanisa, shuka likatundikwa ukutani na projekta ikawashwa. Nukta kumi na mbili zikajitokeza juu ya shuka, na Klara ilibidi ajifanye anakohoa.

Kwenye Kazania Hapa, juu kushoto, peke yake na kubwa kama kovu la ndui, ilikaa kalenda ya mwaka. Kalenda! Ile karatasi yenye picha ya ng'ombe ambayo kila mtu aliipata Desemba, akaipenda, akaitundika, na kama isingekuja asingeiulizia. Kwenye Endelea Hivyo ilikuwa bustani ya maua mbele ya ofisi, ambayo mbuzi waliimaliza mwaka juzi. Upimaji wa maziwa, yaani Klara mwenyewe, ulitupwa kwenye Si Lazima, chini kabisa kushoto, na yeye aliisoma nukta ile kwa namna inavyopaswa kusomwa, akajua kwamba watu mia tatu wamesema yeye ni muhimu kupita karibu kila kitu na wameridhika naye. Alikaa wima zaidi kitini.

Na chini kulia, kwenye chaki nyekundu ya zamani iliyogeuka sasa kuwa rangi nyekundu ya mwanga, pembeni kabisa, nukta ya gari la jioni.

"Hii ilinishangaza hata mimi," Kristian alikiri. "Nilidhani gari ni jambo kubwa kwao. Kumbe ni mazoea yetu tu. Takwimu hazina sababu ya kutudanganya."

Wajumbe wa bodi waliitikia kwa vichwa, kwa hekima. Watu wazima saba, kila mmoja na ng'ombe wake, na hakuna aliyesema hebu ngoja kwanza. Wote walikuwa wa huku juu kwenye baridi, na shuka linawaka, na kijana anasema kitaalamu. Klara aliwatazama mmoja mmoja, na kama dharau ingekuwa na uzito, benchi zile zingevunjika. Mussa peke yake alionekana kutaka kusema, lakini Mussa ni nani akatae kuambiwa kwamba watu wameridhika naye?

Wakaamua hapohapo. Safari ya jioni ya Kwemkuyu ikafutwa. Pikapu ikakodishwa mwaka mzima kwa mfanyabiashara wa mbao, mkataba ukasainiwa wiki ileile, na kalenda ikaongezwa ukubwa mara mbili, kurasa sita, karatasi ya kung'aa. Barua ilibandikwa vijijini ikianza na maneno: "Kutokana na maoni yenu wenyewe."

Klara alihesabu kuwa watapiga kelele ndani ya siku tatu. Watapanda, watajaa uani, kijana atatoa karatasi zake, mtu atasema moja ni nzuri, na hadithi itaishia hapo, kijana arudi na mkoba wake alikotoka. Siku tatu zikapita. Wiki ikapita. Hawakuja.

Alichokisahau ni barua. Watu wa Kwemkuyu waliisoma, wakatazamana. Kila mmoja alijua alivyojaza yeye. Basi ni nani waliojaza vingine? Wakaanza kunyoosheana vidole. Wenye pikipiki walishukiwa, kwa kuwa hawalihitaji gari. Watu wa mtaa wa juu wakawashuku wa mtaa wa chini. Ukoo mmoja ukaacha kuazimana panga na mwingine. Ukiambiwa kwamba uamuzi unaokuumiza umetoka kwa majirani zako, huendi kugombana na meneja; unagombana na jirani.

Rehema alianza kubeba. Alikamua jioni, akayaweka maziwa kwenye ndoo ya maji ya kisimani, akayabadilishia maji mara mbili, na alfajiri akajitwika keni akapanda mlima saa mbili nzima. Mara ya kwanza alipofika dirishani jasho lilikuwa limelowesha kanga yote mgongoni. Klara alichota kijiko cha maziwa, akayatia kwenye chupa ndogo pamoja na spiriti, akatikisa. Yakakatika vipandevipande palepale.

Aliitazama ile chupa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"La tatu," alisema.

"Nilijua," Rehema alisema. Hakubembeleza, maana alimjua. Alijitwika tena akarudi njia aliyokuja, na Klara akapokea keni ya mtu mwingine. Asubuhi ile alikuwa na hasira, na hasira yote aliielekeza kwenye mlango wa meneja. Ona anachowafanyia watu, alisema moyoni. Ona!

Rehema alikuja mara ya pili, na ya tatu, na mara zote mbili ilikuwa "la tatu." Baada ya hapo hakuonekana. Klara alidhani amepata njia nyingine, labda anawauzia majirani, na hakutuma mtu kuuliza.

Angeweza kuuingia mlango wa meneja siku yoyote kati ya hizo. Ilikuwa hatua kumi na nne kutoka dirishani. Lakini mkutano mkuu wa mwaka ulikuwa unakaribia, wanachama wote wangekuwepo, na Klara alikuwa ameshayapanga maneno yake. Kumwambia kijana chumbani, wawili tu, akasema asante mama kwa kunijulisha, akarekebisha kimyakimya? Hapana. Jambo kama lile lilitaka watu.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Kristian alionyesha mchoro wake tena, akagawa kalenda mpya kwa mfano, na aliposema kama kuna swali, Klara alisimama. Alikuwa amevaa gauni lake la Pasaka.

"Mimi sina swali," alisema. "Nina kipimo. Nawaomba wanachama. Mliojaza karatasi mkaandika moja mkiwa na maana kwamba jambo hili ndilo zuri, ndilo kubwa, ndilo la kwanza, inueni mikono."

Watu walitazamana wakidhani ni mtego. Kisha mkono mmoja ukapanda, na mwingine, na ukumbi mzima ukawa mikono.

"Asanteni. Sasa bwana meneja, soma ulichoandika wewe juu ya karatasi yako. Kwa sauti."

Kristian aliitazama karatasi. Hakuisoma kwa sauti. Aligeuka akautazama mchoro wake kwenye shuka, na macho yake yalitoka kwenye kalenda yakateremka polepole hadi kwenye nukta ya gari, na Klara alikiona kile alichokisubiri miezi mitatu: uso wa msomi ukipoteza rangi. Ilikuwa tamu kama alivyotarajia. Ukumbini minong'ono ilianza kuwa kelele. Watu wa Kwemkuyu walikuwa wamesimama, wakishikana mikono waliokuwa hawasalimiani, mtu akicheka, mtu akilia.

"Nimekosa," Kristian alisema. Hakuwa na kipaza sauti tena, na ilibidi watu wanyamaze kumsikia. "Nimekosa, wazee wangu, mama zangu. Sikuuliza mnavyohesabu. Sikushuka Kwemkuyu hata siku moja. Kosa ni langu, si la mwenzenu yeyote." Akamgeukia Klara, na hata hapo hakusahau adabu yake. "Mama, asante. Ila nakuuliza tu ili nijifunze. Ulilijua hili lini?"

Angeweza kusema jana. Angeweza kusema nimelala nikaota. Lakini Klara alikuwa juu kabisa ya ushindi wake, na ushindi unapenda kuongea.

"Siku ya kwanza!" alisema. "Karatasi ya kwanza kabisa. Mimi si mtu wa kudanganywa na karatasi."

Alitegemea kicheko. Alikuwa hata ameacha nafasi kidogo kwa ajili yake.

Ukumbi ulinyamaza safu kwa safu, kuanzia mbele hadi nyuma, na katika ule ukimya Klara aliyasikia maneno yake mwenyewe, mara hii kwa masikio ya wengine.

"Siku ya kwanza," alirudia mtu mzima mmoja wa Kwemkuyu, taratibu, kama anayetaka kuhakikisha.

"Meneja mwenyewe alinikataza kueleza," Klara alisema. Ni kweli alimkataza.

Mwenyekiti aliuliza kuhusu pikapu. Mkataba wa mbao ulikuwa na miezi tisa mbele na hauvunjiki. Kristian akasema yeye ana pikipiki yake binafsi, atafunga keni mbili kila upande na atashuka Kwemkuyu mwenyewe kila jioni hadi gari lirudi, na kama hazitoshi atashuka mara mbili. Mzee mmoja akamwambia mwanangu, usiku huko kuna utelezi, vua kwanza hivyo viatu. Watu wakacheka, kicheko cha kumsamehe mtu, na wakampigia makofi. Yeye, aliyewapindua kichwa chini miguu juu, wakampigia makofi! Klara alikuwa bado amesimama. Hakuna aliyemzomea wala kumtazama vibaya. Walimpisha tu kila alipopita, kama unavyompisha mgeni.

Rehema alikuwa nje, chini ya mti wa mgrevilea, akifunga vizuri kanga yake kwa ajili ya safari. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka.

"Rehema," Klara alisema. "Kesho kamua jioni kama zamani. Kijana atakuja. Nitayapokea mimi mwenyewe hata kama ni usiku."

"Nikamue nini?"

"Mbaarika, na yule binti yake."

"Mbaarika nimeuza. Binti yake nimeuza. Wiki ya nne sasa." Alisema bila hasira, kwa sauti ya mtu anayetaja siku ya soko. "Ng'ombe anakula kila siku, Klara. Maziwa namwaga kila siku. Ningefanya nini?"

Klara alitafuta la kusema, na kilichotoka kilikuwa lawama, kwa kuwa lawama ndiyo ilikuwa karibu. "Wiki nne! Kwa nini hukuniambia? Mimi si dada yako? Ungekuja dirishani ukaniambia, Klara, nauza."

Rehema alimaliza kufunga kanga. Alimtazama usoni, si kwa chuki, na pengine chuki ingekuwa nafuu.

"Nilikuja dirishani nikakuuliza kama nimekosea, nikaona unavyojizuia kucheka," alisema. "Nilidhani unacheka ninavyoshika kalamu. Nikasema moyoni, na lije lijalo, kwa huyu sirudi kuuliza kitu. Ningekuambia nauza ng'ombe, Klara, ungenicheka."

Akashika njia ya kuteremka na wenzake. Klara alitaka kuita kwamba si kweli, na akasimama pale akijaribu kulipata hilo neno, mpaka migongo yao ikaingia kwenye ukungu.